Siku za Kukata Rufaa na Chama Kinachochelewa

(Mazungumzo kwa makatibu, wajumbe wa bodi na wanachama wa vyama vya msingi)



Chama cha ushirika kikishindwa shauri, neno la kwanza lisemwalo nje ya ukumbi wa mahakama ni hili: "Tutakata rufaa." Aghalabu neno hilo lina haki yake, kwa maana si hukumu chache za chini zilizotenguliwa huko juu. Lakini sheria haihesabu neno lililosemwa chini ya mwembe. Huhesabu hati iliyopokelewa katika masjala ya mahakama inayohusika, ikalipiwa ada, ndani ya siku zilizowekwa. Siku hizo zikipita, swali la nani alikuwa na haki juu ya kiwanja, mizani au fedha za mazao halisikilizwi tena. Linalosikilizwa ni swali jingine dogo na gumu zaidi: kwa nini chama kimechelewa.

Mkaguzi afunguaye majalada ya kesi katika ofisi za vyama hukuta mara kwa mara jambo moja. Hukumu imo, barua ya malalamiko kwa viongozi wa wilaya imo, muhtasari wa kikao chenye maneno makali umo, na nakala ya rufaa haimo. Au imo, na tarehe ya mhuri wake imepita siku ya mwisho. Wanachama huambiwa kwamba "mahakama imetunyima haki". Usemi huo si sahihi, na umeziba masikio ya watu wengi wasijue kilichotokea.

Yafaa kwanza zijulikane siku zenyewe, maana haziko namna moja. Rufaa itokayo Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ni siku 30, kwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984. Na shauri hilo hilo likitoka Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni siku 30 tena. Rufaa ya shauri la ardhi lililoanzia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni siku 45. Rufaa ya madai ambayo haikuwekewa muda wake mahali pengine huangukia Sheria ya Ukomo wa Muda, Namba 10 ya mwaka 1971, iliyotoa siku 90. Kwenda Mahakama ya Rufani, kwa Kanuni za mwaka 2009, kuna hatua mbili: taarifa ya rufaa ndani ya siku 30 tangu uamuzi, kisha rufaa yenyewe ndani ya siku 60 tangu taarifa ilipowasilishwa. Kesi za jinai zina siku zake, na migogoro ya ndani ya chama ina njia yake chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Hizo zote ziachwe kwa siku nyingine.

Kuhesabu nako kuna kanuni. Siku ya hukumu haihesabiwi. Hukumu ikitolewa tarehe 3 Machi, siku ya kwanza ni tarehe 4 Machi, na siku ya 30 ni tarehe 2 Aprili, si tarehe 3 Aprili. Wako makatibu wanaosema "mwezi mmoja" wakihesabu kutoka tarehe hadi tarehe; hesabu hiyo imekwisha kuwagharimu wengine. Siku ya mwisho ikiangukia siku mahakama imefungwa, hati huweza kuwasilishwa siku mahakama itakapofunguliwa. Jumapili na sikukuu zilizo katikati hazipunguzwi.

Sasa na ichukuliwe mfano wa kubuni, wa chama kisicho na jina. Chama kina ghala lililojengwa kwa makato ya mazao ya wanachama, na mtu mmoja anadai kiwanja kuwa ni chake. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya linampa ushindi mdai huyo tarehe 3 Machi, Mwenyekiti na Katibu wakiwapo. Siku ya mwisho ya kukata rufaa ni tarehe 17 Aprili. Viongozi wanarudi nyumbani wakiwa na hasira, na hapo ndipo siku zinapoanza kupotea mikononi mwa watu wasio na nia mbaya hata mmoja. Kikao cha kawaida cha bodi ni tarehe 28 Machi. Hakuna anayeona haja ya kuitisha cha dharura, kwa sababu siku 45 zinaonekana nyingi. Bodi inaazimia kuomba ushauri wa Chama Kikuu. Barua inaandikwa tarehe 31 Machi, na majibu yanafika tarehe 10 Aprili yakisema: tafuteni wakili haraka. Malipo ya wakili hayamo katika makisio, kwa hiyo yanatakiwa maelewano mapya juu ya fungu gani litumike. Mtia sahihi mmoja wa benki amesafiri. Fedha zinatoka tarehe 16 Aprili. Wakili anapokea jalada tarehe 18, anauliza nakala za hukumu ziliombwa lini, anaambiwa kwamba hazijaombwa.

Hakuna mwizi katika mfano huo, wala mlevi, wala mvivu. Kila mmoja alifuata utaratibu wa chama. Lakini mahakama haina safu ya kuhesabia siku za bodi, siku za Chama Kikuu na siku za benki. Mbele yake chama ni mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa na siku 45. Katika kuchelewa kote kwa vyama, hili ndilo la kutazamwa zaidi, kwa kuwa mtu binafsi huamua kukata rufaa akiwa njiani kurudi kwake, ilhali chama huamua kwa vikao.

Baada ya tarehe 17 Aprili kinachobaki ni kuomba kuongezewa muda. Ombi hilo huletwa kwa hati ya kiapo, nayo mahakama ina hiari ya kukubali au kukataa. Hiari hiyo si ya kupendelea. Huendeshwa kwa sababu. Mwaka 1964 Baraza la Privy la London, likiamua shauri lililotoka Malaya, lilisema kwamba kanuni za mahakama hazina budi kufuatwa, na anayeomba muda alete kitu cha kuiwezesha mahakama kutumia hiari yake. Pasipo hivyo, aliyevunja kanuni angekuwa na haki ya kuongezewa muda bila mpaka, na kanuni zisingekuwa na maana. Uamuzi huo umetajwa mara nyingi katika mahakama za Afrika Mashariki. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliongeza jambo ambalo wanachama wengi hawalipendi: mwombaji wa muda haulizwi kwanza kama rufaa yake ni nzuri, bali huulizwa kwa nini hakuja mapema, na sababu yenye nguvu zaidi ni kuonyesha kwamba ucheleweshaji haukutokana na uzembe wake.

Sheria haikueleza "sababu ya kutosha" ni ipi. Kila shauri hutazamwa kwa mazingira yake. Hata hivyo, kwa miaka mingi maamuzi yamejenga njia inayojulikana, na uamuzi utajwao kuliko wote leo ni ule wa kampuni ya ujenzi ya Lyamuya dhidi ya Wadhamini wa Chama cha Wanawake Vijana wa Kikristo, uliotolewa na Mahakama ya Rufani mwaka 2011. Humo yamewekwa mambo ya kupimia: mwombaji aeleze kipindi chote cha kuchelewa, kuchelewa kusiwe kwa kupita kiasi, aonyeshe bidii, si uzembe wala kutojali katika kufuatilia jambo lake, na mahakama iweze kutazama sababu nyingine nzito, kama vile hoja ya sheria yenye umuhimu, au uharamu ulio ndani ya uamuzi unaopingwa.

Jambo la kwanza kati ya hayo ndilo linalowaangusha wengi. Katika Ombi la Madai Namba 3 la mwaka 2007 Mahakama ya Rufani ilisema kwamba hata kuchelewa kwa siku moja lazima kutolewe maelezo, ama sivyo hapatakuwa na maana ya kuweka kanuni zenye vipindi. Tazama tena chama cha mfano. Kilichelewa siku chache tu. Lakini wakili alipoambiwa tarehe 18 Aprili kwamba muda umepita, ombi la kuongezewa muda liliandikwa tarehe 20 Juni, kwa sababu mkutano mkuu ulitakiwa kwanza uarifiwe. Kilichokuwa na siku moja ya kueleza sasa kina siku zaidi ya sitini. Kuchelewa kwa pili, yaani kuchelewa kuomba msamaha wa kuchelewa, huwa kubaya kuliko kwa kwanza, maana hapo chama hakiwezi tena kusema kwamba hakikujua.

Na hata kutojua si kinga. Katika ombi la mwaka 2015 lililosikilizwa Arusha, Mahakama ya Rufani ilirudia kwamba kutoijua sheria hakujapata kuwa sababu nzuri ya kuongezewa muda. Kosa la wakili nalo halibebwi kwa urahisi. Mwaka 1983, katika shauri la kiwanda cha nguo cha Calico, ilielezwa kwamba wakili kushindwa kuitazama sheria si sababu ya kuruhusu rufaa nje ya muda. Na mwaka 1997, katika shauri la Umoja Garage dhidi ya Benki ya Taifa ya Biashara, uzembe wa wakili ulikataliwa vivyo hivyo. Yako mashauri machache ambamo kosa dogo la wakili lililosahihishwa mara moja, kwa bidii inayoonekana, lilisamehewa. Chama kisijenge matumaini yake juu ya hayo machache. Kumlipa wakili si mwisho wa kazi ya Katibu. Amwulize kwa maandishi tarehe ya mwisho ni ipi, na nakala ya hati yenye mhuri itafika lini ofisini.

Ugonjwa hukubaliwa ukithibitishwa. Katika ombi la mwaka 2012 dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Mahakama ya Rufani ilisema maneno yenye utu: kwamba ugonjwa ni hali imkutayo mgonjwa mwenyewe, na kwamba yeye ndiye awezaye kusema kama alikuwa na nguvu za kufanya jambo au hakuwa nazo. Lakini maneno hayo yalihusu mtu mmoja. Chama kina Mwenyekiti, Makamu, Meneja na wajumbe. Katibu akilazwa hospitali, itaulizwa kwa nini mwingine hakushika kalamu. Hati ya kiapo isemayo tu kwamba "Katibu aliugua", bila cheti cha hospitali na bila kueleza jalada lilikuwa wapi siku hizo, haitafika mbali.

Kuna kuchelewa kwa namna nyingine, nako hutazamwa kwa jicho la huruma. Mwaka 1997, katika shauri kati ya Masha na Shija, Mahakama ya Rufani ilitofautisha kuchelewa halisi na kuchelewa kwa kiufundi. Mtu aliyewasilisha rufaa yake ndani ya muda, kisha ikaondolewa kwa sababu ya kasoro, akarudi upesi kuomba aanze upya, hawekwi kundi moja na aliyelala. Amekwisha adhibiwa kwa rufaa yake kuondolewa. Lakini neno "upesi" ndilo linaloshika uzito. Rufaa ikiondolewa leo, hesabu ya siku mpya imeanza, na kila siku ya hapo itadaiwa maelezo yake.

Juu ya uharamu wa uamuzi, msingi uliwekwa mwaka 1992 katika shauri la Katibu Mkuu wa Wizara ya Ulinzi: pakidaiwa kwamba uamuzi unaopingwa una uharamu ndani yake, mahakama ina wajibu wa kulichungua jambo hilo hata kama italazimu kuongeza muda. Mawakili wengi hukimbilia mlango huo. Ndiyo maana uamuzi wa Lyamuya ulipunguza upana wake: uharamu huo uwe dhahiri katika kumbukumbu za shauri, mfano baraza kutokuwa na mamlaka, si jambo la kuvumbuliwa kwa mabishano marefu. Kusema kwamba hakimu hakuwaamini mashahidi wa chama si uharamu. Hiyo ni sababu ya rufaa, nayo ilikuwa na siku zake.

Wanachama waliosoma Katiba huuliza: je, Ibara ya 107A haisemi kwamba mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi? Inasema hivyo. Tena mwaka 2018 sheria zilirekebishwa kuweka lengo kuu la kuendesha mashauri kwa haki, haraka na gharama nafuu. Lakini mwaka huo huo wa 2018, katika shauri la Halmashauri ya Kijiji cha Mondorosi dhidi ya kampuni ya bia, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba lengo hilo halitumiki kwa upofu dhidi ya masharti ya lazima yanayogusa msingi wa shauri. Muda wa rufaa uko katika msingi huo. Na ikumbukwe upande wa pili: mtu aliyeshinda naye ana haki ya kulala akijua shauri limekwisha. Siku chama kitakaposhinda, kitataka kanuni hiyo hiyo imfunge aliyechelewa, na hakitaona ubaya wowote ndani yake. Kwa majirani mambo si mbali sana. Mahakama ya Juu ya Kenya, mwaka 2014, katika shauri la Salat dhidi ya Tume ya Uchaguzi, ilisema kuongezewa muda si haki ya mtu bali ni hisani ya mahakama kwa anayestahili, na mzigo wa kuonyesha sababu uko juu yake. Ila pale hutazamwa waziwazi pia kama mjibu rufaa ataumia.

Sasa juu ya nakala, maana hapa ndipo chama maskini kinapoweza kujiokoa kwa karatasi moja. Sheria ya Ukomo wa Muda huondoa katika hesabu siku zilizohitajika kupata nakala ya hukumu au ya dikrii, yaani hati ya amri itokanayo na hukumu. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufani ilifafanua kwamba siku hizo huondolewa zenyewe, bila kuomba kwanza kuongezewa muda, mradi tarehe za kuomba na kupata nakala zithibitike katika kumbukumbu. Kwa hiyo yatakiwa barua ya kuomba nakala, iandikwe siku ya hukumu au kesho yake, ipelekwe kwa mkono, na nakala ya ofisi igongwe mhuri wa kupokelewa. Nakala zikitoka, tarehe ya kuzipokea iandikwe na kuwekwa jaladani. Kwa Mahakama ya Rufani sharti ni kali zaidi: barua iandikwe ndani ya siku 30 tangu uamuzi, mpinzani apelekewe nakala ya barua hiyo, na Msajili atoe hati ya kuthibitisha siku zilizotumika kutayarisha kumbukumbu. Vyama vingi huomba nakala kwa mdomo. Karani hujibu "njooni wiki ijayo", na wiki tatu zinapita bila alama yoyote ulimwenguni kwamba kuna mtu aliyekwenda masjala.

Iko tahadhari hapa. Shauri likiwa limeanzia Mahakama ya Mwanzo, kuambatisha nakala ya hukumu si sharti la rufaa. Mahakama Kuu ilisema hivyo Bukoba mwaka 2005, na Mahakama ya Rufani imekubaliana na msimamo huo. Maana yake ni kwamba chama kilichoketi kikingoja nakala kutoka Mahakama ya Mwanzo, siku 30 zikapita, hakiwezi kutegemea kungoja huko. Kiandike sababu zake za rufaa kwa yale yaliyosikika siku ya hukumu na kuziwasilisha. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama kwa sheria, kwa hiyo Katibu hana kisingizio kwamba hawezi kuandika.

Ada nayo imewaponza wengi. Uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1992 ulisema kwamba tarehe ya kuwasilisha hati ni tarehe ya kulipa ada, si tarehe hati ilipoachwa mezani kwa karani. Chama kilichopeleka rufaa siku ya 45 na kulipa siku ya 47 kimechelewa siku mbili. Kanuni za mwaka 2018 ziliruhusu hati kuwasilishwa kwa njia ya elektroniki, na usiku wa manane ukawekwa kuwa mwisho wa siku. Urahisi huo usiwafanye watu wangojee saa hiyo, maana umeme na mtandao haviko chini ya amri ya Katibu. Alipe ada mara moja apatapo namba ya malipo, na stakabadhi iingie jaladani pamoja na hati. Ijulikane pia kwamba rufaa peke yake haizuii utekelezaji wa hukumu. Dalali wa mahakama aweza kufika ghalani huku rufaa nzuri ikingoja kupangiwa tarehe. Amri ya kuzuia utekelezaji huombwa mbali.

Dawa ya ule mfano wa ghala iko kabla ya hukumu, wala si baada yake. Tarehe ya hukumu ikishapangwa, bodi ikae, hata kwa nusu saa, na muhtasari uandike kwamba, uamuzi ukiwa dhidi ya chama, Katibu au Meneja anaidhinishwa kuomba nakala siku hiyo hiyo, kumweka wakili na kulipa ada kwa fungu lililotajwa, bila kungoja kikao kingine. Mkutano mkuu huweza kuarifiwa baadaye, na rufaa huweza kuondolewa wanachama wakiikataa. Rufaa iliyochelewa haina njia nyepesi kama hiyo ya kurudishwa. Muhtasari huo una faida nyingine. Mwaka 1970 Mahakama Kuu ya Uganda, katika shauri la wakulima wa kahawa wa Bugerere, ilisema kwamba kampuni ifunguapo shauri lazima pawe na azimio la kikao lililoandikwa. Maamuzi ya baadaye hayakukubaliana yote juu ya sharti hilo, lakini chama chenye azimio jaladani hakiogopi pingamizi la namna hiyo.

Na ikiwa Katibu anaona, siku ya 35 au ya 40, kwamba mambo hayatakamilika, asingoje siku ziishe. Katika mashauri ya ardhi sheria yasema wazi kwamba Mahakama Kuu huweza kuongeza muda kabla au baada ya siku 45 kwisha. Anayeomba kabla huonekana ni mtu mwenye bidii aliyezuiwa na jambo fulani. Hati yake ya kiapo itaje tarehe moja moja: hukumu, barua ya kuomba nakala, siku alizokwenda masjala, kikao, malipo, na kila tarehe iwe na karatasi yake nyuma. Daftari la barua zinazoingia na zitokazo, ambalo katika ofisi nyingine hujazwa siku mkaguzi anapokuja, ndilo ushahidi wenyewe hapo. Kiapo chenye maneno "mnamo mwezi Aprili tulifuatilia" hakielezi siku hata moja.

Mahakama Kuu ikikataa kuongeza muda wa kutoa taarifa ya rufaa kwenda Mahakama ya Rufani, ombi huweza kupelekwa Mahakama ya Rufani yenyewe ndani ya siku 14 tangu kukataliwa. Jaji mmoja wa huko akikataa, jambo huweza kupelekwa mbele ya majaji watatu, nalo lina siku zake: ni saba.